Mwalimu Hajaja Likizo

Karatu, Jumamosi, Juni 1987

Ukungu umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro tangu asubuhi na mpaka sasa haujaondoka. Mahindi uwanjani hayakauki, na mimi sina hamu hata ya kuyageuza.

Leo mama mkwe amechinja jogoo. Shule zimefungwa, anasema, kwa hiyo mwanawe anakuja likizo.

Yote haya ni kwa sababu ya neno moja. Mume wangu, Tluway, ni sajini wa jeshi. Alipopelekwa Msumbiji kuwafundisha askari wa huko kupambana na waasi, alimuaga mama yake kwamba anakwenda kuwa mwalimu. Hakudanganya. Mama akaelewa chaki na ubao, na hakuna aliyemsahihisha. Kanisani huwatambia wenzake kuwa kijana wake anafundisha watoto a-e-i-o-u ng'ambo ya mto Ruvuma. Mimi na Tluway tulikuwa tunacheka mpaka machozi.

Sasa sicheki.

Jana alikuja mwenzake wa kikosini, mtu wa Mbulu, anatembea kwa magongo. Chai niliyomwekea hakuigusa.

"Shemeji," akasema, "kambi ya mafunzo ilivamiwa alfajiri. Wale wanafunzi hata kulenga walikuwa hawajajua vizuri. Sajini akawaambia wapite korongoni, yeye akabaki nyuma na bunduki kuwazuia adui. Wao walitoka wote, yeye hatujamwona tena."

Nikamuuliza kama amekufa. Akasema hajui, nami nikamchukia kwa kutojua kwake.

Sipingi kusaidia. Jirani akiunguliwa na nyumba unambebea maji, hilo halina mjadala. Ila wenzangu wamepeleka maji, mimi nimepeleka mume. Nimechoka kuitwa jasiri na watu wanaorudi kulala na waume zao. Namtaka Tluway, hata kwa magongo, hata bila miguu. Mungu anisamehe, natamani angekuwa wa kwanza kukimbia.

Jioni nilimfuata mama jikoni ili nimwambie.

"Mama," nikaanza, "Tluway anaweza asije."

Aligeuza nyama chunguni wala hakuniangalia.

"Amechelewa tu. Wewe mwanangu hujui walimu," akasema. "Mwalimu haondoki darasani mpaka mtoto wa mwisho atoke."

Nikatoka nje, nikalia kwenye ukungu, ambako angalau hakuna anayeniona.

Mama amemfunika jogoo kwa sufuria ili paka asimguse. Kesho atampasha moto tena, atakaa mlangoni atazame barabara. Kabla hajakaa, itabidi nimwambie kwamba watoto walishatoka wote.