Pole za Msiba Kwenye Foleni ya Sabuni

Jumamosi. Upepo na vumbi tangu asubuhi, na mdomoni ladha ya msumari haijatoka.

Sina hamu ya kitu chochote, hata kuandika. Naandika kwa sababu nikilala sasa hivi kutakucha, na kukikucha kuna basi la Mwanza na sindano ya tatu. Sitaki kwenda. Sijamwambia mtu.

Baba Kabula ameshaandaa kila kitu. Begi liko mlangoni, na juu yake kopo tupu la maziwa ya unga, la kutapikia njiani. Amelisugua mwenyewe kwa mchanga mpaka linang'aa. Mume wangu ni mtu mwema, na leo nimemchukia kutwa kwa ajili ya kopo hilo.

Binti yetu Kabula alitaka kwenda dukani badala yangu. Nikamkatalia. Titi wamelikata, nywele zimekwenda, foleni ya sabuni nayo nimwachie mtu?

Nywele zilikuwa zinabaki kwenye mto, fungu kwa fungu, kwa hiyo juzi nilimwambia Kabula achukue wembe amalize. Kichwa chote. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Foleni ilikuwa imeshalizunguka duka. Tangu vita viishe tunaambiwa tufunge mkanda, na wangu hauna tena tundu la kufungia. Nilisimama nimeegemea ukuta. Upepo ukaninyang'anya kitambaa cha kichwa, na nilipoinama kukiokota wote wakaona.

Kwetu mwanamke aliyenyolewa kwa wembe ametoka kuzika.

Mbele yangu alikuwa bibi mmoja nisiyemjua, ametoka Tinde na kifurushi chake kichwani. Akageuka. Nikamwamkia shikamoo. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Polaga sana, mayu, pole mama. Nani amekutoka?"

Ningeweza kusema ni dawa tu. Ningeweza kusema kansa. Lakini neno hilo watu wakilisikia wanasogea kando, wanadhani linarukia. Kwa jirani yangu siku hizi kuna kikombe changu peke yangu, kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio chake ili mtu mwingine asije akakosea. Mdomo wangu ukasema, "Dada yangu."

Sina dada. Kwa mama yangu nimezaliwa peke yangu.

"Mkubwa wako?"

"Tulikuwa sawa."

Nikaanza kulia, na hapo sikuwa nadanganya. Tangu niambiwe ugonjwa wangu sijalia mbele ya mtu, maana nyumbani nikilia Kabula anaacha kula. Pale nililia mpaka kamasi zikanitoka, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu mfiwa ana haki ya kulia. Wakanipitisha mbele, mtu kwa mtu, mpaka dirishani. Nilipotoka na sabuni yangu bibi alikuwa ameshafungua kifurushi, akanitilia michembe kwenye kanga.

"Mtu wa msiba hapikagi," alisema. "Utakuwa unatafunaga hii."

Nimerudi nyumbani na viazi vikavu vya marehemu asiyekuwepo. Niliona aibu njia nzima. Halafu karibu na mashine ya kusaga nikajiuliza kama kweli hayupo, nikaongeza mwendo.

Ningelala. Badala yake nikaenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, kwa sababu Jumamosi bila kwaya siioni kama Jumamosi. Naimba sauti ya pili tangu usichana wangu. Nilichelewa, natembea nikishika kuta. Nikiwa bado nje nikasikia wanaimba wimbo wa mazishi. Nilipotokea mlangoni mwalimu wa kwaya alishusha mkono, wakanyamaza wote, kisha akaanzisha ule wa kushukuru mavuno.

Mavuno, mwaka huu wa njaa.

Nikaelewa. Tangu nianze sindano hatujagusa nyimbo za mazishi hata siku moja, nami nilidhani imetokea tu. Kumbe wanaziimba nisipokuwepo. Wanajiandaa.

Niliimba ubeti mmoja, pumzi ikakata, nikakaa. Nikatoa kitambaa changu cha kufuma ili nionekane nina kazi. Vidole vimekufa ganzi, uzi unaponyoka. Nilifuma mstari, nikaufumua, nikaufuma tena. Mwalimu alinisindikiza hadi njia panda na njia nzima akaongea habari za mvua.

Jioni hii nimetafuna michembe ya bibi. Imekaa tumboni, na tangu juzi hakuna kilichokuwa kinakaa. Baba Kabula ameuliza nimeipata wapi. Nimemjibu nimepewa.

Nina hasira na wanakwaya. Nimekaa nayo hasira hiyo, nikaigeuzageuza, nikaona kinachoniuma zaidi si kwamba wanafanya mazoezi. Pale nje niliwasikia vizuri. Sauti ya pili wanaikosea. Mstari wa mwisho unapanda, wao wanaushusha, maana hakuna wa kuwashika. Watanizika hivyo hivyo, na mimi sitakuwa na mdomo wa kuwakosoa.

Basi nitapanda basi. Siiamini sindano, nasema ukweli wangu. Ila daktari amesema nikiikosa hii nisitegemee Jumamosi nyingi, na mimi nazihitaji chache.

Michembe iliyobaki nimeitia kwenye kopo. Nikitapika nitatapikia dirishani kama watu wengine.

Nikirudi, nikiweza kusimama, nitafika kanisani kabla yao. Nitamwambia mwalimu auanzishe ule wimbo nikiwa nimekaa pale pale mbele yao, na asishushe mkono. Nitawafundisha mstari wa mwisho mpaka waushike wenyewe, bila mimi.