Mukono Ambao Sikukupungia

Mujukuu wangu Neema, jambo sana. Huku tuko salama. Maman yako alienda Nyangezi kuvuna maharage, nimebaki peke yangu mu nyumba, na saa zingine ninajibu redio.

Uliuliza sababu gani sikukupungia mukono siku ulipanda ndege.

Wakati wa Wabelgiji, pale Mudaka, muzungu mumoja alikuwa anatuletea dawa na kandege kadogo. Kwetu mugeni anapokelewa njiani, hatumungojei mulangoni. Basi tukisikia mulio, sisi mabinti tulikimbilia mu uwanja wa majani pale alikuwa anatua, tukiimba, tukipunga vitenge. Siku moja alishuka mara mbili, akatuona mbele yake, akapanda tena. Tukafikiri anacheza na sisi, tukasogea zaidi. Mara ya tatu alikuja polepole sana, akainua pua ya ndege gafula ili asitugonge. Mwendo uliisha, hewa haikukabeba tena, kakaanguka mu mutama. Alikufa. Hakuna aliyetukaripia, kila mumoja alirudi kwao na kitenge chake.

Siku yako, mukono niliuficha mu kitenge. Ndege yako ilipopotea juu ya ziwa, ndipo niliutoa, nikakupungia, peke yangu pale inje.

Mimi, koko yako.