Siku Zuhura Alipomfuata Swala Hadi Kwenye Matete

Bellevue,
Johannesburg,
14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Chiku,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi vizuri, goti limetulia na presha imeshuka. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila baridi ya mwaka huu haina huruma. Asubuhi nyasi za uani zinakuwa nyeupe kwa barafu, na mimi nakwenda kushona makochi kule Jeppestown nimevaa masweta mawili na bado vidole vinagoma kushika sindano. Mjukuu wako Yasmin, wa Zuhura, amerefuka. Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Tunamvuta pole pole.

Tumefurahi kusikia bati la jikoni limebadilishwa kabla ya mvua, na kwamba Vuai amerudi salama kutoka Pemba. Mwambie simu yake niliiona, nilikuwa kazini.

Sasa, Shangazi, uliniuliza kama ni kweli binti yako Zuhura anazurura porini na upinde pamoja na wanaume wa Kizungu, na mtandao ukakatika kabla sijakujibu. Upinde ni kweli. Kuzurura sikuona. Jumatano alinichukua nikaenda naye, kwa hiyo nakuandikia niliyoyaona kwa macho yangu.

Kazi yake unaijua: anaendesha foklifti kwenye ghala moja huko Midrand, anaingia alfajiri na kutoka mchana. Jirani na ghala kuna kiwanja cha kulenga shabaha, na miaka michache iliyopita alikwenda kujaribu tu. Upinde wa siku hizi una magurudumu mawili madogo kwenye ncha, na kuuvuta kunataka mabega hasa. Mimi nimejaribu, nikaona aibu. Huko ndiko alikokutana na Jacques, mzee wa Kizungu mwenye shamba la mahindi kaskazini mwa mji. Swala wamezidi kwenye shamba lake, na majirani wako karibu, hataki risasi zilie. Basi msimu wa baridi huchukua kibali na kuita watu wachache anaowaamini kwa mshale. Zuhura ni mmoja wao, na mwanamke ni yeye peke yake.

Tulifika jua limeanza kulegea. Zuhura alivua sare ya kazini, akavaa suruali kuukuu na kilemba cha rangi ya nyasi kavu. Alichota vumbi, akaliachia hewani kuona upepo unakwenda wapi. Halafu akatuacha, mimi na Jacques, juu ya kilima kidogo chenye mawe, na darubini mbili.

Swala wa hapa ni wakubwa kuliko unaowafikiria. Wana rangi ya kahawia iliyoiva, na usoni wana baka jeupe refu kama wamepakwa chokaa. Kundi lilikuwa bondeni, na pembeni yake dume mmoja mzee, pembe moja imekatika ncha. Jacques alikuwa amemwambia Zuhura kama ni kuchukua, amchukue huyo.

Shangazi, sijawahi kuona mtu akitembea vile. Alivua viatu akabaki na soksi, kwenye baridi ile. Alikuwa akipiga hatua chache wanyama wakiinamisha vichwa, na mmoja akiinua kichwa yeye anaganda kama jiwe. Nyasi zilipopungua alilala kifudifudi akajivuta kwa viwiko, upinde ameulaza juu ya mikono. Mimi niliyekaa juu ya jiwe bila kufanya lolote mgongo uliniuma kwa kumtazama tu.

Akafika karibu. Dume akasimama ubavu wazi. Nikamwona Zuhura anapiga goti, anavuta upinde mpaka mwisho. Akakaa hivyo muda mrefu, mabega yanatetemeka. Halafu akaulegeza taratibu, mshale ungali palepale.

Nikamgeukia Jacques. "Mbona hakupiga?"

"Angalia nyuma ya dume," akanijibu kwa Kiingereza chake kizito. Nikaangalia. Jike alikuwa amepita nyuma yake na kusimama. Mshale ungeweza kumtoboa dume ukatokea kwa jike. "Wengi ninaowaleta hapa hawamwoni huyo jike," akasema.

Wakati huohuo upepo ukageuka. Kundi zima likapiga chafya ya kushtuka na kutoka mbio. Nikajua mambo yameisha, nikaanza kuwaza chai. Lakini Zuhura hakurudi. Alikwenda nyuma ya kichuguu kimoja, upande ambao upepo haungemchongea, akakaa chini akatulia. Jua likazidi kushuka. Wale wanyama wakasimama mbali, wakasahau, wakaanza kurudi wakila. Yule dume alikuja wa mwisho, moja kwa moja upande wa kichuguu, na safari hii alikuwa peke yake. Baadaye Zuhura aliniambia alisema bismillahi kimoyomoyo mara alipoanza kuvuta, na akairudia kwa midomo akiachia.

Tulisikia mlio wa upinde, kisha kishindo cha mshale. Dume aliruka, akakimbia kuelekea kwenye matete ya bwawa na kupotea.

Tuliposhuka tukamkuta Zuhura amesimama palepale, hajasogea. Uso wake haukuwa wa mtu aliyefurahi.

"Nimempiga nyuma mno, tumboni," akasema. "Alipiga hatua nikiachia. Tusimfuate sasa hivi. Akisikia tunakuja atakimbia zaidi na atateseka zaidi."

Tukangoja. Giza lilikuwa linakuja na mimi miguu inakufa ganzi. Jacques akasema kwa upole kwamba huenda ni bora tumwache hadi asubuhi, yeye mwenyewe atakuja na mbwa wake. Zuhura alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi anatafuta damu. Hakuinua kichwa.

"Mimi ndiye niliyemtia jeraha, mzee. Sitakwenda kulala kwenye blanketi yeye akiwa huku anaumia."

Basi akaanza kufuata. Kila alipoona tone la damu alichana kipande cha karatasi ya chooni, akakitundika kwenye nyasi, ili ukipotea ujue ulipotoka. Matone yalikuwa madogo kama vichwa vya njiti za kiberiti. Mara nyingine hakuna kabisa, na yeye akarudi kwenye kipande cha mwisho, akazunguka tena, akagusa majani kwa vidole akavitazama. Jacques anajua shamba lile tangu utoto, lakini ilifika mahali akaacha kutoa ushauri, akawa anamfuata tu kama mimi. Nilitaka kusema twende nyumbani, nikashindwa, kwa jinsi alivyokuwa ameinama pale.

Alimkuta ukingoni mwa matete, mwanga ukiwa umebaki kidogo tu upande wa machweo. Dume amelala, kichwa bado kiko juu, anatutazama. Zuhura alizunguka kwa mbali akamjia kutokea nyuma. "Fahad, njoo ushike pembe," akaniita kwa sauti ndogo. Nikaenda, Shangazi, ingawa kuku tu huwa nampelekea mwingine anichinjie. Tukamgeuza kuelekea kibla. Akataja jina la Mungu akamchinja kwa mkato mmoja wa haraka, kisu kikali, mnyama hakupata muda wa kupigana. Uwe na amani juu ya nyama ile, ilikuwa halali mbele ya macho yangu.

Kisha akaweka mkono wake shingoni mwa yule dume, akakaa nao hapo mpaka mnyama akatulia kabisa. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Jacques alivua kofia yake.

Jacques alimpa mnyama mzima. Siku ya pili uani petu palijaa. Unajua nyumba yetu, kila chumba na nchi yake. Paja moja Zuhura alimpa Marcelline, yule Mkongo msusi wa chumba cha mbele, ambaye mumewe hana kazi tangu Machi. Marcelline akapika kwa mafuta ya mawese, sisi tukapika pilau, watoto wakala huku na huku. Yasmin aliwaambia wenzake kwa Kizulu kwamba nyama ile imeletwa na mama yake. Alisema hivyo mara nyingi.

Jana jioni nilimpitia Zuhura kiwanjani kwao. Alikuwa peke yake, amesogeza shabaha karibu kuliko mwanzo, anapiga, anakwenda kuchomoa, anarudi. Amemwambia Jacques asimwite tena msimu huu. Jacques amemwambia kosa lile humpata kila mwindaji, na yeye amemjibu kwamba swala hakulijua hilo.

Nilipomsomea Zuhura barua hii mara ya kwanza, Shangazi, nilikuwa nimeruka pale mshale ulipokwenda nyuma. Niliona haina haja upate wasiwasi, nikaandika tu kwamba alimpiga akaanguka. Zuhura aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mama akiniuliza kama mimi ni mwindaji mzuri, atakuwa anaulizia kitu ambacho hujamwandikia. Kiandike." Nikachana karatasi, nikaanza upya, na ndiyo hii unayoisoma.

Nisalimie Mayasa na watoto wake, Vuai, na Bibi Yasini wa nyumba ya pili, mwambie dawa yake ya kifua bado naitumia. Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri na miguu yenye nguvu, na atukutanishe tukiwa wote hai.

Mwana wa kaka yako, anayekupenda na kukukumbuka,
Fahad