Harufu ya Kashata Kutoka Uskoti

Mtunda,
kwa mkono wa Mwalimu Hajira,
Kibiti.
21 Septemba 2025

Mpendwa mpwa wangu Hemedy,

Assalaam alaykum. Nakusalimu salamu nyingi za kutoka moyoni, si zile za kwenye simu za haraka haraka. U hali gani mwanangu? Kifua kinasemaje na hiyo baridi ya Uskoti? Umepata koti zito? Nasikia huko wakati wa kipupwe jua linachomoza saa tatu asubuhi kama mtu mvivu. Wali unapata? Unaswali? Nijibu yote, moja moja, usiniruke.

Sisi huku wazima. Mama yako Sihaba mguu umepungua uvimbe, juzi kaenda mwenyewe bondeni kuangalia mpunga na karudi anagombana na kila mtu, basi ujue kapona. Mkaza mjomba wako Mwanaidi hajambo. Nguruwe wamekula mihogo ya jirani yetu Sufiani, yangu hawakuigusa, wananijua.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Mwalimu Hajira alitaka aniandikie nikakataa. Mimi nilisoma elimu ya watu wazima mwaka sabini na nne, tulikuwa arobaini darasani na wa kwanza nilikuwa mimi. Wengi wa wale wamekwisha kufa, kwa hiyo hakuna wa kunibishia. Ukiona neno limepinda, linyooshe wewe uliyesoma.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini. Ule ujumbe wa sauti niliokutumia mwezi wa saba, nilipokwambia usinitumie tena uchafu na kwamba umesahau nani alikulea, ufute. Sijasema naomba radhi. Nasema ufute. Halafu soma hii mpaka mwisho, utajua mwenyewe nimesema nini.

Kuna jambo nililificha. Kabla ya Ramadhani nilipata mafua mabaya, siku tisa kitandani. Nilipoinuka, pua ilikuwa imekufa. Haikuziba, ilikufa. Ukiniwekea samaki mbichi na ua la mlangilangi, kwangu yote ni hewa. Futari nilikula mwezi mzima kama mtu anayetafuna karatasi. Na sikumwambia mtu, hata Mwanaidi. Akiuliza pilau imekolea, najibu imekolea. Ningesema nini? Wewe unaijua kazi yangu. Kukwea minazi niliacha siku nyingi, siku hizi wanakwea wengine, lakini tembo la mnazi hapa Mtunda halinywewi mpaka limepita puani kwangu. Wagema wanne wanaleta vibuyu vyao, nanusa kimoja kimoja, naamua cha alfajiri kiingie kiasi gani na cha jana jioni kiasi gani, tamu na kali zikutane katikati. Kutoka hapa mpaka Nyamwage hakuna mwingine anayechanganya kama mimi. Walikuwa wanakuja watu wa magari.

Bila pua nikawa nachanganya kwa kumbukumbu. Siku moja nikatia kibuyu kilichochacha kwenye ndoo ya tembo tamu, nikawagawia wanywaji kibandani. Kibanda kizima wakamwaga mchangani, mbele ya macho yangu. Ridhiwani, yule niliyemfundisha mwenyewe kushika kotama, kisu chetu cha kugemea, na kukata kole la mnazi, akasimama akasema, "Mzee Sadala, hiyo pua sasa imebaki ya kuwekea miwani." Watu wakacheka mpaka wakashika nguzo. Kesho yake akaanza kuchanganya yeye. Mimi nikawa nakaa nyumbani nasema nimechoka, nimestaafu.

Ndipo Zamda, mwenzako wa huko, akaja likizo, akaniletea chupa yako. Nikafurahi, nikaipeleka kwa Mwalimu Hajira anisomee maandishi. Akasoma, "Wiski ya nafaka ya kuchanganywa. Umri, miaka ishirini na sita."

Hemedy, fikiri kama mgema. Tembo la alfajiri adhuhuri limekwisha kuwa kali. Kesho yake limechacha, wanalitaka walevi sugu tu. Siku ya tatu ni siki. Sasa mtu ananiletea kinywaji cha miaka ishirini na sita! Nikamwambia Hajira asome tena, akasoma tena, ishirini na sita ile ile. Nikajua nimetukanwa. Nikasema hapa Ridhiwani kamwambia Hemedy kwamba pua ya mjomba imekufa, ndiyo maana naletewa kilichooza, watu wanajua sitatambua. Hasira ile ndiyo uliyoisikia kwenye simu. Barua yako iliyokuja na chupa sikuifungua. Vyote nikavitia kwenye sanduku la banda la nje, maana unamjua mkaza mjomba wako, miaka arobaini na mbili hajaruhusu kibuyu kuvuka kizingiti chake.

Katikati ya mwezi wa nane Mwanaidi alikuwa anatengeneza achari ya ndimu, siki ikamwishia. Nikamwambia ipo siki bandani, tena ya miaka ishirini na sita, hajapata kuiona. Akaja akaitazama ile chupa, akanitazama mimi.

"Ulevi kwenye achari yangu, Sadala?"

"Si ulevi, umekwisha kuoza."

"Basi kamwage mbali, na ukirudi unawe mikono."

Nikaenda nyuma ya banda kwenye shimo la takataka. Nikakishika kizibo, kikatoka na mlio. Mara nikasikia harufu ya kashata. Kashata za nazi, pale sukari inapoanza kuwa nyekundu na nazi inakauka kwenye sufuria. Hemedy, miezi sita sijasikia kitu. Sikufikiria chupa hata kidogo. Nikaiweka chini, nikazunguka ua nikitafuta nani anapika kashata. Kwa Sufiani hakuna moto. Kwa Hajira kufuli. Nikarudi shimoni, ikaja tena. Nikainama, nikaingiza pua kwenye mdomo wa chupa, na kashata zote zilikuwa mle.

Nikakaa chini pale pale kwenye majivu. Machozi yalinitoka. Ukiulizwa, sema ulikuwa moshi, ingawa moto haukuwapo.

Ndipo nikaifungua barua yako. Nilihangaika nayo siku mbili kwa miwani ya Hajira, na nimeielewa yote, usidhani. Umeandika kwamba walipokuingiza kwenye kazi ya mapipa hukujua chochote, wenzio wananusa wanataja maneno, wewe unaona ni spiriti ya hospitali tu. Kwamba huko wenye kujidai wanasifu wiski ya shayiri peke yake, na hii ya ngano na mahindi wanaiona ya kujazia tu, ya kulainishia nyingine. Kwamba inapikwa kwenye mitungi mirefu kama minara, ikitoka inalazwa kwenye mapipa ya mti yaliyowahi kutumika Marekani, na mti ndio unaoifundisha tabia. Halafu fundi anachukua ya kiwanda hiki na ya kiwanda kile anazichanganya, na hiyo ndiyo uliyonitumia. Na kwamba siku uliyonusa pipa lile la zamani wenzako wakasema vanila, wewe ukasema kashata, wakacheka, ukatoka nje ukasimama kwenye mvua kwa sababu ulikuwa umesikia harufu ya kibanda changu.

Mstari ule nimeusoma mara nyingi kuliko nitakavyokubali. Mimi nilidhani umenitumia tusi, na wewe ulikuwa umenitumia kwetu.

Tena ni mimi niliyekufundisha, usisahau kuwaambia wazungu. Ulikuwa na miaka saba nikakufumbisha macho, nikakwambia nusa mara tatu, ya kwanza inadanganya, ya pili inabisha, ya tatu inasema kweli. Sasa wanakulipa kwa elimu yangu.

Basi nikaanza kazi. Kila siku baada ya alfajiri na tena baada ya alasiri, natia kidogo kwenye kikombe cha kahawa, nafumba macho, nanusa mara tatu. Siku za mwanzo ilikuwa kashata tu. Siku ya nne ikaja ndizi mbivu, ile iliyoanza madoa. Baada ya wiki nikasikia ubao uliorandwa leo. Halafu, nyuma kabisa, kama mtu aliyejificha mlangoni, hindi bichi linalochomwa. Nikapiga kelele. Mwanaidi akauliza nimeumwa na nini, nikasema siafu.

Utauliza kama nilionja. Nilionja. Mimi na Mola wangu tuna mazungumzo yetu juu ya hayo, na yeye ni mwingi wa kusamehe. Nilionja kijiko. Nilijiandaa inikabe koo kama gongo, haikukaba. Ilipita taratibu kama mgeni mwenye adabu, ikaketi kifuani. Nikatia matone mawili ya maji ya mtungi kama ulivyoandika, ikafunguka, utamu ukasogea mbele na ukali ukarudi nyuma. Hapo nikasema aliyeichanganya hii ni mtu wa kazi. Kaiacha ngano iwe laini na mahindi yawe matamu, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Na hao wanaoidharau waambie Mzee Sadala wa Mtunda kasema hawajui. Hata huku wapo wanaodai tembo la mnazi mmoja ndilo tembo la kweli. Kila siku nawaambia, mnazi mmoja unaimba peke yake, kuchanganya ndiyo ngoma. Ile ya shayiri sijaionja lakini nimekwisha kuamua.

Harufu nyingine zikaanza kurudi moja moja, hazikuja pamoja. Mafuta ya taa. Mbuzi wa Sufiani. Mvua kabla haijafika. Ilipokuja harufu ya tembo lenyewe nikavaa kanzu, nikatoka mpaka kibandani. Ridhiwani alikuwa anachanganya. Nikamwambia niwekee vibuyu vitatu, nifumbe macho, nikipotea kimoja tu nisikanyage tena hapa.

"Mzee, usijitie aibu ya pili," akasema.

"Weka."

Nikanusa. Cha kwanza cha leo alfajiri. Cha pili cha jana jioni, na aliyegema kaosha kibuyu kwa maji ya sabuni, mpumbavu. Cha tatu ni cha ule mnazi wa karibu na mkondo wa chumvi, tembo lake lina ukakasi mwishoni. Aliyeosha kwa sabuni akaangalia chini, akajitaja mwenyewe. Ridhiwani akanivulia kofia, akanipa kata ya kuchanganyia mkononi, akauliza nimepewa dawa gani na mganga gani.

Nikamwonjesha kijiko kimoja. Kimoja tu. Akafumba macho muda mrefu, akauliza umri. Nikamwambia. Akasema, "Kumbe kuna vitu vinazeeka vikawa vitamu. Basi Mzee Sadala usikate tamaa." Yule hajaacha mdomo wake, lakini siku hizi anachekea nyuma yangu, si mbele. Nimemwambia tutachanganya wote wawili, yeye asubuhi na mimi jioni. Nimezeeka, siwezi kukaa na kinyongo na kazi kwa pamoja.

Chupa ina nusu. Usinitumie nyingine. Hii nainusa tu sasa, na ikiisha nitanusa kizibo. Badala yake njoo wewe.

Na hili la mwisho nakuandikia wewe tu, Zamda asilisome. Ijumaa iliyopita, baada ya swala, naingia ndani, Mwanaidi amekaa kitandani anafukiza kanga zake. Nikasimama mlangoni. Nikasema, "Huo udi umeubadilisha. Umetia na sandali." Kichwa akainamisha juu ya chetezo, nikadhani moshi umemwingia machoni. Kumbe tangu Idd amekuwa akibadilisha. Mara udi wa dukani kwa Hadija, mara karafuu, mara asumini kwenye mto, anangoja niseme neno, mimi nalala kama gogo. Akaona mume kamchoka. Nikamweleza yote, pua, tembo, pilau nilizozisifu bure.

"Miezi yote hiyo nilikuwa nafukizia ukuta?" akasema.

"Ulikuwa unafukizia ukuta."

Akanipiga na kanga. Alicheka na kulia kwa pamoja, mimi nikakaa pale kwenye moshi mpaka udi ukaisha, sikutoka hata kwenda kibandani.

Nilipomwambia ni chupa yako iliyonirudishia, alifikiri, halafu akasema niandike hivi, na naandika kama alivyosema: "Mwambie Hemedy namshukuru sana, Mungu amlipe, lakini mwambie pia kwamba mimi sijui namshukuru kwa nini."

Mama yako Sihaba anakusalimu na anauliza utaoa lini. Sufiani anakusalimu. Mwalimu Hajira anasema mwandiko wangu umemshangaza. Hata Ridhiwani anakusalimu, usimjibu kwa haraka. Nisalimie na fundi aliyechanganya chupa ile, kama yu hai. Mwambie kuna mwenzake huku.

Mungu akulinde na baridi, akupe afya na riziki ya halali, akurudishe salama ukiwa na hiyo pua niliyokutengenezea. Haya, nimesema ufute ule ujumbe. Naongeza: nisamehe, mwanangu. Hajira hajaliona neno hilo, nimeliandika akiwa ametoka.

Wako akupendaye, na anayesikia tena harufu ya nyumba yake,

Mjomba Sadala