Asali Ndani ya Tangi

Kijijini, Manyoni. Jumanne, Oktoba 1974

Mhujumu! Shemeji Hamisi, kaka wa mke wangu na mwenyekiti wa kijiji, ameniita hivyo leo mbele ya watu wote, kwa sababu lori la kijiji limegoma kuwaka na dereva ni mimi. Mke wangu alikuwa anasikia.

Plagi zilikuwa zinatoa moto vizuri, basi shida ilikuwa mafuta. Mkutano ulipokwisha nikafungua mpira unaotoka kwenye tangi. Hata tone. Nikaunyonya, kama tufanyavyo madereva, kikanijia kitu kizito mdomoni. Petroli, halafu utamu.

Asali! Ni Hamisi aliyetupatia pipa lake la asali tuwekee petroli. Nilimuuliza kama limeoshwa. "Mimi si mtoto, shemeji," akanijibu.

Kuuzibua mpira ni kazi ndogo. Sijauzibua. Magunia ya alizeti ya watu bado yanangoja kwenda stesheni, na hilo linaniuma kidogo. Kidogo tu.

Kesho nitamwita mbele ya watu walewale, nimshikishe mpira, nimwambie kwa adabu: "Onja, shemeji. Asali yako unaijua mwenyewe."