Salamu kutoka Reynoldsburg

Jumatatu, 7 Aprili
Kazi yangu ya kumtunza mzee ni ileile: uji, dawa, kumnyoa ndevu. Pak Hendra hajasema neno. Mwezi wa tatu huu tangu kiharusi. "Pak" ndiyo mzee kwao Indonesia. Alikuwa mtangazaji wa redio kule Java miaka yake yote. Bintiye Ratna kamfungulia tena televisheni ya kwao kwenye simu: wanasiasa wanabishana, mtangazaji naye anapayuka. Ratna anasema kule baadhi ya wenye vituo vikubwa ndio haohao wenye vyama. Mzee kageukia ukuta. Hata mimi ningegeuka.

Jumanne, 8 Aprili
Mwana wa kiume wa Pak, wa Louisville, kapiga simu. Kapata nafasi kwenye nyumba ya wazee huko. Baba asiposema wala kula vizuri, wiki ijayo anakuja kumchukua. Nimekasirika mpaka nimevunja kikombe. Mtu hafi kwa kunyamaza! Anakufa kwa kupelekwa mahali asikojulikana.

Jumatano, 9 Aprili
Ratna katafuta redio ndogo ya mji wao, ile aliyofanyia kazi Pak. Siku hizi inasikika kwenye simu. Saa nne asubuhi yetu, kwao usiku, kipindi cha salamu. Salamu! Zamani, kasema, wasikilizaji walinunua kadi, wakaandika majina na wimbo wanaoutaka.

Nikacheka peke yangu. Baba yangu, Mzee Sabimana, tulipokuwa wakimbizi kambini Kigoma, kadi za salamu hakuzikosa. Anaandika majina yetu wote kwa kalamu nyekundu, halafu kila jioni redio sikioni, na ole wako ukohoe. Hawakumsoma hata mara moja. Kafa anangoja. Jamani Baba.

Leo Pak kasikiliza macho wazi. Kamaliza bakuli zima.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimetuma salamu kituoni kwa simu, jina la Pak tu, maana lugha yao siijui. Na picha yake, ile ya suti. Nimeizungushia maua ya plastiki kwanza, kwa heshima, kama tunavyopamba sebule zetu Warundi. Sijamwambia Ratna. Dada yangu Yudita, kwa simu kutoka Buffalo, kasema nina kiherehere. Na yeye je?

Jumamosi, 12 Aprili
Aibu! Aibu! Saa nne mtangazaji kaanza kwa sauti ya chini, muziki wa polepole. Likaja jina la Pak, kabla yake "almarhum". Hilo halihitaji mkalimani. Wamemtangazia kifo! Kumbe picha yenye maua vile wameiona ya msiba. Wema wangu umeniponza.

Nikakimbilia simu niizime. Pak kanishika mkono. Wenzake wa zamani wakapiga kituoni mmoja mmoja, wanalia. Ratna anatafsiri, ananikata jicho. Mmoja alikumbuka enzi kila redio ililazimishwa kurusha taarifa ya habari ya serikali, na Pak kila mara akikohoa kidogo kabla ya kuifungulia. Mji mzima ulikijua kile kikohozi.

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Nikajua analia, nimemuua sasa. Kumbe anacheka. Halafu, sauti imejaa kutu: "Belum."

Ratna kaangusha sufuria. Maana yake bado. Hajafa bado.

Jumatatu, 14 Aprili
Wa Louisville kaongea na baba yake kwenye simu. Wamegombana vizuri tu. Haji tena.

Alhamisi, 24 Aprili
Mvua. Uji, dawa, ndevu. Juzi Pak aliniuliza majina ya watu wangu, kupitia Ratna. Sikujua ya nini. Nikamtajia.

Saa nne leo wamerusha salamu alizorekodi mwenyewe. Maneno yanamkwama, lakini anafika. Majina ya kwao, mengi. Halafu katikati: Mzee Sabimana, kambini Kigoma. Mama. Yudita. Mimi. Wote wa kalamu nyekundu.

Kikohozi kilikuwa kimenibana. Nimekizuia mpaka akamaliza.