Hatua Mia Mbili na Kumi

Nyabusozi, Biharamulo
8 Oktoba 1995

Mwanangu mpendwa Priscila,

Pokea salamu zangu na za jirani yetu Shibuda, ambaye ndiye anayeipeleka barua hii mjini kwa baiskeli yake. Hujambo huko kambini Benaco? Unakula? Tumesikia mvua imewakuta vibaya ninyi na wakimbizi wenu. Mimi hapa ni mzima nusu, na sikutanii: nusu ya kulia.

Nimetoka hospitali mwezi sasa. Mkono wa kushoto umeanza kushika kikombe, ila mguu wa kushoto umenikataa. Si kwamba unauma. Nausahau. Nainuka kitini, naondoka, na wenyewe unabaki nyuma kama mbuzi aliyefungwa kamba, mpaka nijikute chini.

Kaburi la mama yako liko kule juu, mwisho wa migomba. Kwa mwendo wangu huu wa sasa Shibuda amenikadiria hatua mia mbili na kumi. Miezi miwili imepita tangu azikwe na sijaliona. Walipomzika nilikuwa kitandani, sijitambui. Uliponiambia pale hospitali kwamba umemtupia udongo, fungu lako na fungu langu, nililia, na tangu hapo hilo ndilo linalonipa usingizi. Asante, mwanangu.

Wanaume wa kikundi chetu cha kubeba wagonjwa kwa machela walikuja Jumapili. Wanataka kunibeba wanipeleke nikaone. Nimekataa, wameondoka wamenuna. Lakini wewe unajua nilivyoanguka. Bega langu lilikuwa chini ya mti wa machela, mama yako yuko juu, tunamkimbiza hospitali, na mimi ndiye niliyemwangusha njiani. Sipandi machela ileile kwenda kumwona. Nitakwenda kwa miguu yangu au sitakwenda.

Kazi yako huko ni kuwatembeza waliovunjika. Nitembeze na mimi kwa barua.

Ni mimi baba yako,
Anastazi


Benaco, Ngara
24 Oktoba 1995

Shikamoo baba,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si chini. Mimi sijambo. Ni matope tu na kikohozi, na chakula kipo. Nisalimie Shibuda na mkewe.

Baba, hukumwangusha mama. Kiharusi ndicho kilichokuangusha wewe. Daktari alisema hivyo na mimi narudia, na nitarudia kila barua mpaka uchoke.

Nakuandikia kama tunavyowafundisha hapa. Kila asubuhi, kabla ya chai, kaa kwenye kigoda na uvue viatu. Weka nyayo zote mbili chini, usiinuke kwanza. Uulize ule wa kushoto: uko juu ya nini? Vumbi? Jani? Pakavu au pana umande? Ukipata jibu ndipo uinuke, taratibu, ukivuta pumzi. Halafu utembee uani hatua hamsini na fimbo yako mkono wa kulia. Kisigino kitangulie, ufuate ubavu wa unyayo, vidole mwisho.

Nina mgonjwa hapa, Mzee Hategekimana, mkulima kutoka Kibungo, Rwanda. Mguu wake ulikatwa chini ya goti na sasa anajifunza mguu wa mbao. Nilimweleza habari zako, akasema: "Mwambie mzee mwenzangu, mguu mgonjwa hauna kosa. Ule mzima ndio una haraka, ndio unaomwangusha mwenzake."

Ni mimi mwanao,
Priscila


Nyabusozi
3 Desemba 1995

Mwanangu Priscila,

Salamu za Majilio zikufikie wewe na Mzee Hategekimana. Hapa tumepanda maharage. Afya yangu utaijua ukiendelea kusoma.

Nimeanguka. Usishtuke, nimechanika juu ya jicho na mke wa Shibuda ameshaniosha.

Ilikuwa hivi. Ulisema hatua hamsini. Rozari ina makumi matano, yaani hamsini kamili. Mimi katekista wa miaka ishirini na minane ningewezaje kutoona kwamba Mungu mwenyewe amenipangia? Nikatembea na rozari mkononi, Salamu Maria moja, hatua moja. Wiki tatu nilikwenda vizuri sana. Alhamisi nilifika tendo la tatu la furaha, nikawa niko Bethlehemu na wachungaji, si uani kwangu tena. Mguu ukanasa kwenye kinu. Shibuda alinikuta nimelala pale akasema, "Mzee, umewahi horini kabla ya Krismasi."

Namwacha acheke. Lakini niambie ukweli: inawezekana, au unanifariji tu?

Baba yako,
Anastazi


Benaco
17 Desemba 1995

Shikamoo baba,

Pole sana. Nilisoma barua yako nikacheka, halafu nikaisoma tena. Mimi ni mzima.

Inawezekana, baba. Ila ukitembea, rozari iache ndani. Ulikuwa unahesabu na kusali, na mguu wako ulikuwa peke yake. Kutembea kwako sasa ni kazi kama kupasua kuni, haitaki mawazo yaliyokwenda safari. Sala utasali ukiwa umekaa.

Krismasi sitaweza kuja. Kazi ni nyingi mno hapa.

Mwanao,
Priscila


Benaco
10 Machi 1996

Shikamoo baba,

Unaendeleaje? Hii ni barua ya tatu bila jibu. Mfanyabiashara mmoja aliyetoka Biharamulo ameniambia amekuona mlangoni pako umekaa, kwa hiyo najua uko hai, Mungu ashukuriwe.

Kama ni habari ya rozari, nimekosa. Mtoto hamwambii katekista mahali pa kuweka rozari yake. Nisamehe, ila usikae tu pale mlangoni. Pasaka nayo naona sitapata ruhusa.

Mwanao,
Priscila


Nyabusozi
2 Juni 1996

Mwanangu Priscila,

Nakusalimu kwa moyo mweupe. Hujambo? Kikohozi kimekwisha? Sisi huku tumejaliwa maharage na afya.

Nilikasirika, kweli. Miaka yote nimesali nikitembea, kwenda vigangoni, kwenda kwa wagonjwa, leo mtoto niliyembatiza kwa mkono wangu siku alipozaliwa dhaifu ananiambia nichague. Nikaiweka fimbo juu ya kabati. Miezi minne sikutembea ila kwenda chooni, huku nimeshikwa. Nilikuwa nimekata tamaa, mwanangu, na mtu aliyekata tamaa hajui kuandika.

Sasa sikia. Mwezi wa nne, asubuhi, kikundi cha machela kilipita hapa mlangoni kimembeba mama mjamzito aliyelemewa na uchungu. Nilikuwa nimekaa. Sikuwatazama, niliona aibu. Nikawasikia miguu. Wanaume wanne, na sauti ya mwendo mmoja. Wa mbele akasema "jiwe", na wa nyuma akaitikia "jiwe". Baada ya hapo, kimya. Ukibeba mgonjwa huongei, huimbi, wala huwazi shamba lako. Ukitua kisigino kwa pupa, yule aliye juu anaumia na unamsikia anaguna. Nimebeba watu miaka ishirini mbele kushoto, na wewe unanifundisha kwa barua jambo ambalo bega langu lilikuwa linalijua. Hapo hasira ilinitoka. Nilikuwa nacheka peke yangu pale kigodani.

Tangu siku ile natembea hivyo. Nauliza unyayo kama ulivyosema, nainuka, halafu najiambia nimembeba mama yako na nisimtikise. "Jiwe," nasema kwa sauti. "Mzizi." "Utelezi." Watu wanaopita wanadhani nimechanganyikiwa. Shibuda hunifuata nyuma na kuitikia, na yeye sasa hata hacheki. Mguu wa kushoto haubaki tena, kwa sababu anayebeba hawezi kumsahau mwenzake.

Nimefika hatua themanini. Hata jembe nalishika kidogo, napalilia nikiwa nimekaa, nasikiliza mkono unavyovuta.

Nyumbani hujafika tangu msiba, Priscila. Ulikuja hospitali, ukarudi kazini kutokea palepale. Sikulaumu. Nasema tu kwamba kitanda chako kimetandikwa.

Baba yako,
Anastazi


Benaco
29 Desemba 1996

Shikamoo baba,

Nisamehe kwa miezi sita. Safari hii aliyenyamaza ni mimi. Mwilini ni mzima. Natumaini wewe na jirani mmesherehekea Krismasi kwa amani.

Kambi imekwisha. Tangazo lilitoka kwamba kufikia mwisho wa mwezi huu wakimbizi wote wa Rwanda wawe wamerudi kwao. Wengi walikimbilia porini kwanza, wakarudishwa na askari. Kisha barabara ya kwenda mpakani Rusumo ikajaa. Siku nyingi, baba, toka alfajiri mpaka giza, watu wenye magodoro kichwani, watoto mgongoni. Nilichosikia ni miguu tu.

Mzee Hategekimana alikataa lori. Alisema alikuja kwa miguu na atarudi kwa miguu, hata kama mmoja ni wa mbao. Nilimsindikiza kidogo. Anatembea polepole mno, kila mtu anampita, na yeye hamtazami yeyote, anatazama pale anapokanyaga. Aliposimama kuniaga aliniuliza, "Na wewe binti, miguu yako iko wapi?" Mimi ninayefundisha watu kusikiliza nyayo zao, jioni sijui nimepita wapi mchana. Natembea toka hema hadi hema na mwili wangu sina habari nao. Mzee aliniona muda wote ule, akanyamaza mpaka siku ya kuondoka.

Nikaanza kujitazama njiani nikirudi, na nilichokiona ndicho ninachokuandikia.

Baba, sikumtupia mama udongo. Habari ya msiba ilinifikia siku ya pili. Nilipofika Nyabusozi walikuwa wameshazika. Wakaniambia kaburi liko kule juu, nikaingia kwenye migomba, na miguu ikagoma. Nikageuka. Nikaja kwako hospitali, ukaniuliza, na kwa vile ulivyonitazama nikakudanganya. Fungu lako sikulitupa, na langu sikulitupa. Krismasi mbili na Pasaka sikuzuiwa na kazi. Niliogopa zile hatua, na niliogopa kwamba utanishukuru tena.

Sijui kama utataka kunijibu.

Mwanao,
Priscila


Nyabusozi
12 Januari 1997

Mwanangu Priscila,

Amani ya Bwana iwe nawe. Mimi ni mzima, na safari hii si nusu. Shibuda anakusalimu na kukuambia mbuzi wao amezaa mapacha.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Sasa na mimi nikuambie langu. Nilijua. Shibuda ndiye aliyelijaza lile kaburi, na mwaka jana nilipomuuliza ulisimama upande gani, hakuweza kunidanganya. Aliniambia alikuona ukigeuka kwenye migomba. Iliniuma sana, sitaficha. Ndiyo sababu nyingine sikukuandikia miezi ile minne. Rozari ilikuwa kisingizio, nawe umebeba lawama isiyo yako. Baadaye nikafikiri: mimi nina mguu mmoja unaobaki nyuma, na mwanangu imembakia nyuma yote miwili. Nikaamua kungoja useme mwenyewe. Umesema, basi. Tumemaliza.

Sasa habari ya kutembea. Siku ya Krismasi, baada ya ibada, niliondoka mlangoni na fimbo, Shibuda nyuma yangu. Jiwe. Mzizi. Shimo. Nilipumzika mara tatu. Nilijua kila mahali nilipokanyaga, naweza kukuandikia hatua moja moja: penye majani makavu, penye ubaridi chini ya migomba, pale mchwa walipoanza kujenga. Jasho lilinitoka na sikumtikisa. Tukafika mgomba wa mwisho. Nikauona msalaba wake. Umeinama kidogo kushoto, kama mimi.

Hapo nikasimama. Ilikuwa hatua ya mia mbili. Shibuda akasema, "Mzee, zimebaki kumi." Nikamwambia nimeona. Nikamtazama mama yako kwa muda, nikageuka, tukarudi nyumbani. Tangu siku ile nimekwenda mara nne, na mara nne nimeishia palepale. Shibuda ananiona mpumbavu.

Lakini udongo ni mafungu mawili, mwanangu, na nilishazoea kuyawaza yakitupwa pamoja. Sitatupa langu peke yangu huku wewe uko mbali unaogopa. Na tena machela haibebwi na mtu mmoja. Hizo kumi nimekuachia. Utakaa kulia kwangu, mimi mbele kushoto kama zamani, na nikisema jiwe utaitikia.

Baba yako,
Anastazi


Biharamulo mjini
25 Januari 1997

Shikamoo baba,

Sikuulizi hujambo, nitaona mwenyewe.

Nimeshuka basi asubuhi hii. Nimeuliza lifti ya kuja Nyabusozi, ipo, nimeiacha ipite. Nimekaa kwenye benchi la stendi, nimevua viatu, nyayo zote mbili ziko chini. Ni vumbi, baba, na lina joto. Naandika haya kabla sijainuka.

Barua hii hapewi Shibuda. Naileta mwenyewe, kwa miguu.

Mwanao,
Priscila